Jina la Mchoraji Liko Wapi Kwenye Kanga?

Hotuba kwa wanafunzi wa sanaa na usanifu, Dar es Salaam

Shikamooni walimu wangu, na wazee mliokaa mstari wa mbele. Wanafunzi, hamjambo. Na ninyi mafundi na wauzaji wa kanga mliofunga maduka mapema ili mfike hapa, asanteni sana. Mengi nitakayoyasema mnayajua kwa mikono yenu.

Nimeombwa nizungumzie uhusiano wa sanaa na usanifu, yaani ubunifu wa vitu vya kutumika. Nitaipitisha mada hii kwenye kanga, kwa sababu sijui mchoro mwingine unaopita mbele ya macho mengi kila siku, pwani na bara. Mtoto anabebwa na mbeleko ya kanga kabla hajajua kuna kitu kinaitwa picha. Bibi harusi anatunzwa kanga, mgonjwa anajifunika, marehemu anasitiriwa. Inaviringishwa kuwa ngata ya kubebea ndoo, inatundikwa mlangoni kuwa pazia, ikichakaa inakuwa tambara la kupangusia meza. Katika maisha yote hayo ni nadra sana kumsikia mtu akiuliza: nani aliichora?

Swali hilo ndilo lililonileta. Ukienda Oysterbay wanakochora picha za mtindo wa Tingatinga, ubao una saini pembeni. Ukienda Mtaa wa Uhuru, maduka yamejaa kanga mpaka darini, na unaweza kuzifunua mchana kutwa usione saini ya mchoraji. Ubao tunauita sanaa. Kanga tunaiita bidhaa, au tukitaka kuiheshimu kidogo tunasema ni vazi la utamaduni. Mimi nashikilia kwamba kazi ya akili na mikono iliyofanyika pande hizo mbili ni ya ukoo mmoja. Kilichozitenga ni mpango wa biashara: nani anaruhusiwa kuandika jina lake, na nani analipwa ujira wake na kusahauliwa.

Tuanze na kazi yenyewe, maana wapo kati yenu mnaosoma uchoraji mkidhani kanga ni jambo jepesi.

Mchoraji wa kanga anapewa mstatili wa takriban sentimita 150 kwa 110. Mstatili huo una sehemu zake ambazo hata mtoto wa shule anazitaja: pindo linalozunguka pande zote nne, mji katikati, na jina, yaani yale maneno, chini kidogo ya katikati, karibu na pindo la chini. Hana ruhusa ya kuzivuruga. Akiondoa pindo, wateja watasema huo ni mtindo wa kitenge. Akiondoa jina, watauliza kanga hii inasema nini. Rangi nazo ni chache, kwa sababu kiwandani kila rangi inataka skrini yake, yaani wavu wa kupitishia rangi, na kila skrini ni gharama. Kwa hiyo lazima aichambue picha yake rangi kwa rangi: nyekundu peke yake, nyeusi peke yake, njano peke yake. Nyeupe mara nyingi haichapwi kabisa. Ni kitambaa kilichoachwa wazi. Mchoraji anatakiwa aione picha nzima kichwani huku akichora vipande vyake kimoja kimoja, na vilevile ajue mahali pa kutochora.

Halafu kuna mashine. Skrini ikihama kidogo tu, nyekundu inavuka mpaka wake na kuingia kwenye njano. Mchoraji mzoefu analijua hilo, kwa hiyo anaweka mstari mweusi mnene mahali rangi mbili zinapokutana, ili kosa dogo la mashine limezwe na mstari. Wewe unayeitazama kanga unaona mstari wenye nguvu unaoushika mchoro usitawanyike, ukadhani ni uzuri tu. Ni uzuri, na papo hapo ni kinga dhidi ya hasara. Nikiulizwa kwenye mstari ule sanaa inaishia wapi na usanifu unaanzia wapi, nitasema sioni mahali pa kupitisha kisu.

Angalieni pia pembe. Pindo ni mchoro unaojirudia: korosho, korosho, korosho, mpaka ufike mwisho wa upande, halafu unageuka. Hesabu isipotimia, korosho ya mwisho itakatwa kichwa, au pembeni pataachwa pengo la aibu. Wapo wachoraji wanaofunga pembe kwa ua kubwa, wapo wanaoikunja korosho yenyewe ikageuka na pindo bila kukatika. Mkipewa kanga, kabla ya kusoma jina, tazameni pembe zake nne. Hapo mtamjua fundi.

Na bado hatujaivaa. Picha ya ukutani inatazamwa nzima, kwa mbele, na mtu aliyesimama. Kanga inafungwa mwilini, na mwili unatembea. Ikifungwa kiunoni, ncha mbili zinakutana mbele na kulaliana, pindo la upande linakuwa mstari wa wima, pindo la chini linazunguka miguu, mji unakaa nyuma. Jina nalo linakaa nyuma. Kwa maneno mengine, aliyeivaa hawezi kuusoma ujumbe wake mwenyewe. Anayeusoma ni yule anayemfuata njiani. Kipande cha pili kinakwenda kichwani na mabegani, na hapo mchoro uleule unavunjika kwa mikunjo tofauti kabisa. Mchoraji wa kanga amechora kitu kimoja kinachotakiwa kisimame sawasawa kikiwa kimetandazwa kitandani, kikiwa kimefungwa kiunoni, kikiwa kimetupiwa begani, na kikiwa kinapeperuka kwenye kamba ya kuanikia. Nimewaona wachoraji wa turubai, wazuri kweli, ambao wangelemewa na sharti hilo.

Nimekaa sana kwenye maduka hayo nikiwasikiliza wanunuzi. Mama anaingia, macho yanaanza na rangi kutoka mbali. Anaelekeza kidole, muuzaji anavuta doti kutoka kwenye rundo. Anaipapasa. Anauliza: hii haichuji? Ndipo anasoma jina, tena mara nyingi kwa sauti, na hapo ndipo mengine yote yanaamuliwa. Akisoma "Wazazi ni dhahabu, kuwatunza ni thawabu", anajua tayari nani atapelekewa. Akisoma "Japo sipati tamaa sikati", anacheka, anamtazama mwenzake. Nimemwona mama akirudisha doti aliyoipenda rangi na mchoro, kwa sababu maneno yake yangezua ugomvi na wifi. Huyo mama anamaliza kazi iliyoanzwa na mchoraji. Anachagua maana, anachagua mpokeaji, anachagua siku ya kuivaa.

Na hajaanza leo. Kanga ilipata sura yake katika robo ya mwisho ya karne ya 19, Unguja, Mombasa na miji mingine ya pwani. Kabla ya hapo wanawake wengi, na hasa watumwa, walivaa merikani isiyotiwa rangi, au kaniki iliyochovywa buluu nzito karibu na weusi. Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja mwaka 1897, wanawake waliotoka utumwani walizikumbatia nguo za rangi na mapambo, kanga ikiwa mbele, kutangaza kwamba sasa ni watu huru wanaojichagulia. Vitambaa vilichapwa mbali, India na Ulaya, lakini wafanyabiashara walijua wazi kwamba mchoro usiowapendeza wanawake wa Ng'ambo, ule upande wa mji wa Unguja, utawaozea dukani. Wakawa wanapeleka maagizo: rangi hii, ua lile, mwezi ujao kitu kipya. Aliyeshika kalamu huko Manchester au Bombay hakuwahi kuiona Unguja, lakini alikuwa akiongozwa na jicho la mwanamke wa Unguja. Mimi naliita jicho hilo jicho la kisanii, na ninasikitika kwamba historia ya sanaa tunayofundishwa darasani inapita bila kulisalimia.

Hapa nataka mnisikilize kwa makini. Kwenye kanga za zamani jina la mtu lilikuwepo. Mombasa, biashara ya Kaderdina Hajee Essak, iliyoanza mwaka 1887, iliweka alama yake kwenye kitambaa chenyewe: K.H.E., Mali ya Abdulla. Wateja walilifahamu jina hilo, wakalitafuta, wakaliamini, na mpaka leo linaheshimika Mtaa wa Biashara. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba kanga haina nafasi ya kuandika jina, au kwamba maandishi madogo yangeharibu mchoro. Nafasi ilipatikana zamani sana. Ilipewa mwenye mali.

Sasa twende mwaka 1968, hapahapa Dar es Salaam.

Mwaka huo kilifunguliwa kiwanda cha nguo cha Urafiki, pale Ubungo, kwa msaada wa China. Nchi ilikuwa changa, na ilitaka ijivike yenyewe. Kanga zetu zikaanza kutoka kwenye mashine zetu, na meza za wachoraji zikawa ndani ya nchi. Vijana wa Kitanzania wakakaa kwenye meza zile wakachora mapindo, miji, mwenge, nanasi, kuku na vifaranga. Kazi zao zilivaliwa Bukoba, zikavaliwa Mtwara.

Mwaka huohuo, mjini humuhumu, kijana aliyezaliwa mwaka 1932 na kukulia upande wa Tunduru, Edward Said Tingatinga, alianza kuchora kwenye mbao za hadibodi zilizokatwa mraba wa kama futi 2 kwa futi 2, kwa rangi ya mafuta ing'aayo, aina ileile ya kupakia baiskeli. Chui, tembo, ndege wenye shingo ndefu, rangi tupu nyuma yao. Picha ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, na wageni wengi walizipenda. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu, akafariki. Miaka yake ya kuchora ilikuwa michache mno. Leo jina lake liko kwenye makumbusho za nchi nyingi, na kwenye aina nzima ya uchoraji.

Nayaweka mambo haya mawili pamoja kwa sababu watu huniambia hivi: msanii yuko huru, msanifu anafuata masharti. Tumtazame basi Tingatinga. Ukubwa wa picha zake ulipangwa na jinsi ubao unavyokatwa. Rangi zake zilikuwa zile zilizopatikana dukani kwenye kopo. Rangi hiyo inakauka haraka na haichanganyiki kirahisi kama ya wachoraji wa Ulaya, kwa hiyo umbo lake likawa bapa, lenye ukingo mkali. Mnunuzi wake alikuwa mgeni aliyetaka mnyama wa Afrika anayeingia kwenye sanduku la safari. Haya yote ni masharti! Alipofariki, wanafunzi wake waliendelea, na umbo lililouzika lilichorwa tena na tena na mikono mingi, jambo ambalo tungelisikia likisemwa juu ya kiwanda tusingelishangaa. Sisemi hivyo kumshusha. Namvulia kofia. Ninachosema ni kwamba ukuu wake ulitoka ndani ya masharti yale, kama ukuu wa yule mchoraji wa Ubungo aliyekesha akiitafutia korosho njia ya kugeuka pembeni. Mmoja alitia saini. Mwingine alitia mchoro kwenye faili la kiwanda.

Kwa haki niseme pia kwamba saini peke yake haitoshi. January Linda, Simon Mpata, Ajaba Abdallah na wenzao walikuwa na majina yao na mikono yao, na mtu mwenye jicho anaitofautisha. Lakini mtalii akinunua anasema amenunua Tingatinga, basi. Jina la mmoja linaweza kuwafunika wengine. Wala sitaki tuibandike saini kila kitu. Kisutu, kile cha nyekundu, nyeusi na nyeupe wanachovaa maharusi, kimepita mikononi mwa vizazi. Kisutu ni cha wote, na kibaki hivyo.

Ninayemsemea ni mtu aliye hai, aliyechora jana, kazi yake ikichapwa leo kwa maelfu ya doti.

Tumeshaona mwisho wa njia hii ya kutoandika. Mwaka 2017 nchi nzima ilikuwa ikibishana: nani alichora nembo ya taifa? Mzee Francis Maige Kanyasu, tuliyemjua kwa jina la Ngosha, alisema ni yeye. Alipatikana katika hali ya dhiki hapa jijini, akapelekwa hospitali, akafariki Muhimbili mwezi Mei mwaka huo. Wengine wakasimama kumtaja Jeremiah Kabati wa Mwanza. Kila upande una watu wake na ushahidi wake, nami sikuja kuamua kesi hiyo. Linaloniumiza ni kwamba ilikuwa lazima iwe kesi. Nembo iko kwenye pasipoti, iko kwenye noti, iko juu ya mlango wa kila ofisi ya serikali, na tukabaki kumuuliza mzee mgonjwa kitandani. Kama mchoraji angekuwa ameandikwa siku ile ya kwanza, kwa mstari mmoja kwenye karatasi moja, mzee yeyote kati yao angezeeka na heshima yake bila kubishaniwa.

Nembo tunayo moja. Kanga ziko ngapi? Kila moja imepotelewa na mtu wake.

Wenye viwanda nimewasikia wakijitetea, na hoja yao si ya kudharau. Wanasema kanga ni kazi ya wengi: mfanyabiashara ameleta wazo, mteja ameagiza maneno, mchoraji amechora, mwingine amechambua rangi, tumwandike nani? Nasema waandikeni wawili. Mchoro, fulani, maneno, fulani. Maana aliyetunga jina la kanga naye ni mtunzi. Amebana hekima nzima kwenye mstari mmoja unaosomeka hatua kumi nyuma ya mtu anayetembea, na yeye pia hatumjui. Wanasema gharama. Lakini skrini ya rangi nyeusi inatengenezwa kwa vyovyote. Kuongeza herufi ndogo ukingoni hakuongezi skrini. Wanasema hakuna anayefanya hivyo duniani. Hilo si kweli. Uingereza, baada ya Vita Kuu ya Pili, kampuni ya Heal's ya London iliuza vitambaa vya mapazia vilivyochapwa ukingoni jina la mchoro na jina la aliyeuchora. Ndiyo maana leo mwanafunzi yeyote wa vitambaa anamjua Lucienne Day na mchoro wake wa Calyx wa mwaka 1951. Kilikuwa kitambaa cha dirishani, cha mita, cha dukani. Jina liliandikwa, basi likabaki.

Na sheria yetu iko upande huu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo ndiyo iliyoizaa COSOTA, taasisi inayosimamia hakimiliki nchini, inamtambua mtunzi kuwa na haki ya kupata kipato kutokana na kazi yake, na haki ya kutajwa kuwa ndiye mtunzi wake. Wanamuziki wameipigania sheria hiyo miaka mingi. Wachoraji wa vitambaa hatujaigusa hata kwa kidole. Mkataba wako wa kwanza wa kazi, kijana, usome mpaka mstari wa mwisho, na uulize jina lako litakaa wapi. Ukiambiwa hapana, angalau ijulikane kwamba uliuliza.

Kwa walimu nina ombi. Mwaka 1919 kule Weimar, Ujerumani, shule ya Bauhaus ilianzisha karakana ambazo kila moja ilikuwa na wakuu wawili: msanii na fundi. Mwanafunzi mmoja, walimu wawili, meza moja. Shule ile ilikuwa na kasoro zake. Wanawake walielekezwa kwenye ufumaji hata waliotaka kitu kingine, ingawa ufumaji huo, chini ya Gunta Stölzl, ukawa moja ya fahari zake. Hatuna haja ya kuiga kila kitu. Lakini lile la walimu wawili tunaliweza kesho. Mchoraji mstaafu wa kiwanda akae darasani na mhadhiri wa uchoraji. Mmoja aulize kwa nini umechora, mwingine aulize itachapwaje, na mwanafunzi awajibu wote wawili kwa kazi moja.

Nimalizie na zoezi, ambalo nimekubaliana na walimu wenu kabla ya kupanda hapa. Kila mmoja wenu atamtafuta mtu mmoja aliyewahi kuchora kanga. Wapo. Wako Ubungo, wako Mwanza na Morogoro kulikokuwa na viwanda, wengine ni babu na baba wa watu waliomo humu ndani. Muende na kanga za nyumbani, za mama na za bibi, mzitandaze mbele yake. Mumuulize: ipi ni yako? Akiitambua, andikeni jina lake kamili kama anavyotaka liandikwe, kiwanda, mwaka kama anaukumbuka, jina la kanga, rangi zilikuwa ngapi, maneno yalitoka kwa nani. Mumwombe aeleze pembe aliifungaje. Pigeni picha pindo, mji na jina, kila kimoja peke yake. Asipotaka atajwe, muheshimuni. Orodha ikikamilika, nakala moja ibaki maktaba hapa, moja ipelekwe COSOTA, na moja tuwapelekee wenye viwanda pamoja na barua yetu ya kuomba ule mstari mdogo ukingoni.

Asanteni. Kama kuna maswali, naomba tuanze na mafundi.